Hodi Tatu Kwenye Gemu la Tajiri

Idd iliyopita mdogo wangu wa kiume alikuja kutoka Dar na familia yake, na kabla hajavua viatu akaniambia, "Dada, nimelipata."

Nikadhani amepata kiwanja, maana habari ya kiwanja alikuwa nayo mwaka mzima. Akakaa mkekani, akafungua kompyuta yake, akaiunganisha na simu, akaanza kupakua kitu. Mimi nilikuwa naosha mchele wa pilau. Sijamaliza kuuchuja, kitu kimeshashuka, na nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa na umri wa kidato cha pili: viatu vizito vikikanyaga mbao, funguo zikigongana, halafu kimya. Nikaacha mchele kwenye maji.

"Usiniambie," nikasema.

"Ndilo lenyewe, Dada. Bado linauzwa. Na bei imeshuka. Siku hizi sahani ya chipsi ni ghali kuliko hili."

Mwanawe mkubwa, ambaye simu yake imejaa magemu yasiyokwisha, alilianza baada ya chakula. Alipigwa, akarudia, akapigwa tena, akarudia. Adhana ya alasiri ilipolia, akainua kichwa kama mtu aliyenyang'anywa sahani. "Baba, ndiyo limeisha? Yaani hivi tu?"

Mdogo wangu akanitazama, mimi nikamtazama, tukacheka mpaka mke wake akauliza kama tuna afya.

Hivi tu. Ngoja nikusimulie hiyo "hivi tu" ilikuwa nini kwetu.

Kama uliwahi kupita Bagamoyo miaka ile, mitaa ya nyuma ya soko, utalikumbuka duka lenye milango miwili. Mlango wa kwanza uliuza mchele, misumari, kanga, udi na dawa ya mbu. Mlango wa pili ulikuwa wa stoo, na stoo hiyo mwenye duka aliigeuza banda la gemu. Alikuwa mzee wa Kihindi, Mwislamu, aliyezaliwa mtaa uleule kama baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha Bagamoyo kuliko changu. Sote tulimwita Tajiri, ingawa kandambili zake zilikuwa zimeshonwa kwa waya.

Mimi nilikaanga mihogo barazani kwake. Asubuhi nilimenya na kuchemsha, mchana nikaponda pilipili na ukwaju, alasiri karai lilikuwa motoni. Tajiri alinipa nafasi ile kwa masharti mawili tu: moshi usiingie dukani, na kipande cha kwanza kuiva kiwe chake. "Daktari amenikataza mafuta," alikuwa akisema huku anapuliza muhogo moto, "lakini daktari yuko Dar." Mpaka leo nikisikia harufu ya ukwaju uliochanganyika na udi, narudi kwenye baraza lile. Nasikia mafuta yakichachatika, na nyuma yangu, kupitia dirisha la nondo, nasikia vijana wakigombana kuhusu penalti.

Maana banda lilikuwa la mpira. Kompyuta moja, kioo kimoja, benchi mbili na spika za redio ya zamani. Aliyeshinda alibaki, aliyefungwa alitoka, na aliyetoka hakukubali kamwe kwamba amefungwa kihalali. Halafu Tajiri akaleta gemu jipya, na sababu zake zilikuwa za kidukani kabisa. Lilikuwa rahisi bei. Lilikuwa dogo, na intaneti yake ya siku zile ilikuwa ya kusuasua, gemu kubwa lingeshuka wiki nzima kisha likwame. Hili alilianzisha akienda kuswali alfajiri, akarudi akanywa chai, likawa tayari.

Wiki ya kwanza vijana walimcheka. Mmoja wao, kinara wa mpira pale bandani, aliyetembea na pedi yake mwenyewe ya kuchezea gemu mfukoni kama fundi na bisibisi, alimwambia mbele ya watu, "Tajiri, umepigwa. Hili gemu limekatwa. Mbona lina mwisho?"

"Na chakula cha mama yako hakina mwisho?" Tajiri akajibu. "Au unataka ukae humu mpaka uote mvi, nikuozeshe na benchi?"

Lakini hata huyo kinara hakuwa ameuona mwisho wenyewe. Aliuona kwenye maelezo tu. Kulicheza ni jambo jingine.

Gemu lilikuwa hivi. Msichana mmoja anaingia kwenye jumba kubwa kuukuu kumtafuta mdogo wake. Ana tochi na mtaimbo. Vyumbani mna vidudu vinavyoruka kutoka makabatini, hivyo unavipiga kwa mtaimbo vikafa. Lakini kuna jitu moja halifi. Refu, lina aproni nyeupe na kishada cha funguo, na kazi yake ni kupita chumba kwa chumba usiku kucha. Vijana walilibatiza jina siku ya kwanza: Bwana Afya. Kwa sababu, walisema, anaingia majumbani bila taarifa na hakuna anayefurahi kumwona. Akikukamata umekwisha, na gemu halikuwa na mahali pa kusevu. Unaanza upya, pale getini, na tochi yako.

Ukilijua, lilikuwa la saa moja na kidogo. Usipolijua, dakika tano zilitosha kukutoa jasho.

Wadogo zangu walikuwa mle bandani kwa sababu mimi nilikuwa barazani. Baba alitangulia, mama akamfuata mwaka uliofuata, na baada ya hapo tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa darasa la sita, na kitinda mimba wetu, msichana, ambaye sare yake ya darasa la kwanza ilikuwa bado inamburuza. Mimi niliacha shule. Sikulia sana. Nilikunja sketi yangu ya shule, nikaipunguza, ikawa yake baadaye. Wakitoka shuleni walikuja moja kwa moja barazani, wakala mihogo iliyovunjika, na saa za alasiri vijana wakiwa wameenda uwanjani, Tajiri aliwaambia wadogo zangu, "Ingieni mcheze humo, kompyuta inalala bure, na nyinyi mnanikanyagia mchele."

Sasa nikuambie kilichokuwa kinanikosesha raha.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha watoto bati lake lilikuwa limetoboka, na kiangazi haikuwa shida, ulihesabu nyota. Chumba cha mama kilikuwa kizima. Masika yalikuwa yanakuja, na kitinda mimba alikuwa na kifua, kikohozi chake kilikuwa kikavu kama mtu anayekwangua sufuria. Ilikuwa wazi kwamba tuhamie chumba cha mama. Lakini mtoto hakuingia. Tangu mama atolewe mle, alikuwa akifika mlangoni, anasimama kidogo, midomo inamchezacheza, kisha anageuka na kurudi chumba cha kuvuja. Nilimbembeleza. Nilimbeba siku moja nikataka kumwingiza, akapiga yowe lililowaleta majirani uani. Na usiku tulilala wote watatu kule kule, maana nisingemwacha.

Shangazi yetu, dada yake baba, alikuja kutoka Saadani na kapu la samaki wakavu. Alikuwa mwanamke wa sauti na mikono mikubwa, na alitupenda, hilo sikatai. Alimtazama mtoto akifanya vile mlangoni, akaniita uani.

"Huyu mtoto kapatwa," akasema. "Mwenye akili zake haogopi chumba cha mama yake."

"Ni huzuni tu, shangazi."

"Huzuni haikohoi. Sikiliza mwanangu. Nimezungumza na baba yenu mkubwa. Huyu mdogo nitamchukua mimi, Saadani, asomewe dua, alale pakavu. Wa kiume aende Kiwangwa kwa baba yako mkubwa, kwenye mananasi, kuna shule huko. Na wewe kuna mama mmoja Dar anatafuta msichana wa kazi, mtu mzuri, anaswali."

"Shangazi, mama aliniambia tusiachane."

"Mama yako alikuambia hivyo akijua bati limetoboka?" Alisema bila ukali, na ndiyo maana iliuma. Kisha akakaza kanga yake. "Mimi si mtu mbaya. Nitarudi mvua zikianza. Nikimkuta analala pakavu kama watoto wa watu, nitanyamaza. Nikimkuta pale chini ya bati lile, naondoka naye siku hiyohiyo."

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo huku nikigeuza mihogo. Kila wingu lililotokea upande wa bahari nilililaumu.

Na mle ndani wadogo zangu walikuwa wakipigana na Bwana Afya. Mdogo wangu wa kiume ndiye alishika pedi. Kitinda mimba alikaa ubavuni kwake, miguu haifiki chini. Siku za mwanzo hakusema kitu. Alikuwa mtoto wa maneno machache tangu msiba. Mdogo wangu alikufa kama wote walivyokufa: anafika kwenye mlango wa jiko la lile jumba, anausukuma, Bwana Afya yuko nyuma yake, kwisha. Anaanza upya. Mlango wa jiko, kwisha.

Siku moja nikasikia sauti yake ndogo dirishani. "Mbona hupigi hodi?"

"Nipige hodi kwa nani? Hili ni gemu."

"Ni nyumba ya watu," akasema. "Huingii tu."

Mdogo wangu angeweza kumcheka. Hakumcheka, kwa sababu alikuwa hajamsikia akisema sentensi mbili mfululizo kwa muda mrefu. Akamsimamisha yule msichana wa kwenye gemu mbele ya mlango, akaondoa kidole kwenye kitufe. "Haya, piga wewe."

Na kitinda mimba akapiga hodi kama tulivyofundishwa sote huku pwani, si kwa haraka ya mtu anayeomba kiberiti. Hodi. Unasubiri mwenye nyumba avae kanga. Hodi. Unasubiri aweke chini alichoshika. Hodi. Katika kusubiri kule, spika za Tajiri zikatoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kukaa kimya akaisikia: viatu vikitembea upande wa pili wa mlango, funguo zikigongana, vikipita, vikififia.

"Amepita," mdogo wangu akanong'ona. Akasukuma mlango. Jiko lilikuwa tupu.

Nilisikia yowe, nikadhani wamevunja kioo. Nikaingia na kijiko cha kugeuzia mkononi, nikawakuta wamekumbatiana. Hapo ndipo nilipolitazama gemu lile vizuri kwa mara ya kwanza, nikaelewa kwa nini walilipenda. Liliogofya kweli, lakini woga wake ulikuwa na kuta. Ulijua umeanzia getini, na ulijua kuna mlango wa kutokea, na yote yangetosha kati ya adhana mbili. Kila kitu chetu wakati ule kilikuwa kimeachwa njiani. Shule yangu, bati, ukuta wa choo ambao baba alianza kuujenga. Hapa palikuwa na kitu ambacho watoto kama sisi tungeweza kukimaliza.

Habari zilifika uwanjani upesi. Kesho yake vijana walirudi mapema kuangalia. Kinara akasimama nyuma mikono kifuani. "Ati mnapiga hodi kwenye gemu? Mtamwamkia na shikamoo?"

"Shikamoo ni akifungua," kitinda mimba akamjibu, wala hakugeuka. Banda zima likaangua kicheko, na kicheko hicho hakikuwa cha kumcheka yeye.

Kinara alikaa kwenye kiti, akacheza kwa njia yake, akafa jikoni. Akacheza tena, akafa jikoni. Mara ya tatu nikamsikia anasema chini chini, kama mtu anayeomba mkopo, "Hodi." Tajiri alikuwa mlangoni anakula muhogo wake. Alicheka mpaka pilipili ikampalia. "Gemu limetengenezwa huko kwa Wazungu," akasema akifuta macho, "kumbe dawa yake ni adabu ya Bagamoyo!"

Kuanzia siku hiyo, ukipita mtaa ule alasiri ulisikia vijana wenye ndevu wakipiga hodi kwa utulivu mbele ya kompyuta.

Siku iliyogeuza maisha yetu ilikuwa ya mawingu. Wadogo zangu walikuwa wamefika ghorofa ya juu, mbali kuliko mtu yeyote wa banda lile. Mbele yao palikuwa na mlango wa chumba cha kulala, na kwa maandishi ya Kiingereza ambayo mdogo wangu aliyachambua neno kwa neno, mtoto anayetafutwa yumo mle. Nilikuwa dirishani, karai liko moto. Nikamsikia kitinda mimba. Hodi. Hodi. Hodi. Kimya. Hakuna viatu, hakuna funguo.

"Salama," mdogo wangu akasema. "Tunaingia."

"Hapana." Akamshika mkono. "Kule jikoni viatu vilijibu. Humu hawajajibu. Turudi."

"Turudi wapi? Mtoto yumo humu!"

"Mama alisema mara tatu. Wasipojibu, unarudi. Huingii kwa mtu asiyekujibu."

Nilibaki na kijiko hewani. Mihogo ilikuwa inaungua na sikuitazama. Nilikuwa naona kitu kingine kabisa: mlango wa chumba cha mama, na mtoto wangu amesimama mbele yake jioni baada ya jioni, midomo inamchezacheza. Hakuwa anatetemeka. Hakuna kilichompata. Alikuwa anapiga hodi kwa sauti ya chini, mara tatu, kama alivyofundishwa na mwenye chumba, na hakuna aliyemjibu. Naye alikuwa mtoto mwenye adabu. Alirudi.

Na mimi siku ile nilimbeba nimwingize kwa nguvu.

"Dada, mihogo!" Tajiri aliita kutoka dukani.

Nililitoa karai motoni. Mihogo yote ilikuwa myeusi kama makaa. Tajiri akaja akaitazama, akanitazama usoni, akachukua kipande kimoja akakila kikiwa kimeungua vilevile. "Nenda nyumbani," akasema. "Wadogo zako nitawaleta mimi."

Nilikwenda nikafungua chumba cha mama, madirisha yote mawili. Nilifagia. Nilitoa godoro nikalipiga fimbo uani, nikalirudisha. Nguo za mama nilizikunja nikaziweka sandukuni, na kwenye misumari yake nikatundika zangu, gauni la kazini na kanga ya mihogo yenye madoa ya mafuta. Nikafunga chandarua. Halafu nikaingia, nikaurudishia mlango bila kutia komeo, nikakaa kitandani.

Nikamsikia Tajiri akiaga kule nje. Nikasikia mlango wa mbele, kikohozi, nyayo ndogo za kandambili zikija ukumbini. Zikasimama.

"Hodi."

Nilikuwa nimejiandaa, lakini sauti haikutoka. Ukweli ni kwamba katika nyumba ile mtu wa kujibu hodi alikuwa mmoja tu miaka yote, na nikijibu mimi, basi hayupo tena.

"Hodi."

Nikasikia nyayo za mdogo wangu wa kiume zikisimama nyuma yake. Yeye alikuwa ameshaelewa.

"Hodi," kwa mara ya mwisho, na nikasikia kandambili zikianza kugeuka.

"Karibu," nikasema. "Karibu ndani, mama. Pita."

Mlango ulisukumwa taratibu. Akachungulia kwanza. Akaniona nimekaa kitandani, akaona kanga ya mihogo msumarini. "Ni wewe unakaa humu?"

"Ni mimi. Na nyinyi."

Akavua kandambili. "Shikamoo," akasema.

"Marahaba."

Akapanda kitandani, akajifunika shuka mpaka kidevuni kukiwa bado jua, akalala. Alilala mpaka mdogo wangu aliporudi kutoka kuswali magharibi msikitini.

Gemu? Gemu tulilimaliza siku chache baadaye. Niliwaeleza vijana jambo lenyewe, kwa ufupi, na hakuna aliyetania. Banda lilijaa hadi barazani, mpaka wateja wa mchele wakaacha vikapu. Mdogo wangu akapanda ngazi, akafika mlango wa chumba cha kulala, akaondoa kidole kwenye kitufe. Kitinda mimba akapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na banda zima, kinara wa mpira akiongoza, Tajiri na muhogo mdomoni, wakajibu kwa pamoja: "Karibuuu!"

Aliwageukia akawatazama wote, kama anayehakikisha wana haki ya kujibu. Kisha akamwambia kaka yake, "Haya, ingia."

Waliingia, wakamkuta mtoto, wakapigana njia yote kurudi chini, Bwana Afya nyuma yao, watu wamesimama juu ya benchi. Geti likafunguka, kukapambazuka kwenye kioo, majina yakaanza kupanda. Yalikuwa majina machache sana, kama ya watu wa nyumba moja. Mdogo wangu aliyasoma yote kwa sauti mpaka la mwisho. Ninaamini siku ile ndiyo aliyoamua kazi yake, ingawa yeye husema ni baadaye.

Mvua zilipoanza zilianza kwa hasira, asubuhi, na shangazi alikuja nazo. Tulikuwa nyumbani. Nilisikia sauti yake kubwa mlango wa mbele, imechanganyika na kishindo cha bati, "Hodi wenyewe!" Mimi nilikuwa uani nakinga maji. Kabla sijafungua kinywa, kitinda mimba alijibu kutoka chumba cha mama, kwa sauti ambayo hata mtaa wa pili waliisikia:

"Karibu shangazi! Pita huku, huku hakuvuji!"

Shangazi alipita. Nilipoingia nilimkuta amesimama katikati ya chumba, anachuruzika maji, mtoto ameketi kitandani kwa miguu iliyokunjwa anamaliza uji. Alitazama dari. Alipapasa godoro kwa kiganja kizima. Akamwinamia mtoto akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza kwa muda.

"Alisomewa dua wapi?" akaniuliza.

"Kwa Tajiri. Kwenye gemu."

Alinitazama kuona kama namfanyia mzaha. Akaona simfanyii. "Na huyu wa kiume? Baba yako mkubwa amemwandalia kitanda Kiwangwa."

"Mwambie baba mkubwa tunamshukuru. Mvua zikiisha tutakwenda wote watatu kumsalimia, na tutarudi wote watatu."

Siku zote nilizungumza na wakubwa macho chini. Siku ile sikuyashusha. Shangazi alivua kanga yake iliyolowa, akaikamua mlangoni, akaketi kwenye kitanda cha mama. "Basi nipe na mimi uji," akasema. Alikaa mpaka mvua ikapungua, akaondoka na kapu lake, peke yake.

Sikurudi shule. Watu huniuliza kama najuta, nami huwaambia nitazame kwanza mbele yangu kisha nitawajibu. Mdogo wangu wa kiume anatengeneza kompyuta na simu huko Dar, ana vijana wawili chini yake. Kitinda mimba anafundisha chekechea Makurunge, na nasikia darasa lake ni la watoto wenye adabu kuliko wote wilaya nzima, ingawa huenda anayesema hivyo ni mimi. Mimi nina mgahawa wangu mdogo sasa, wenye meza na bati zima. Na shangazi, mwaka juzi binti yake alipopata matatizo ya ndoa, aliwaleta wajukuu wake wawili kwangu, kwa miguu yake, na begi la nguo zao. "Wakae kwako mpaka mambo yatulie," aliniambia. "Wewe unajua kukaa na watoto." Walikaa mwaka mzima.

Tajiri ametangulia mbele ya haki. Wanawe walihamia Dar, duka likauzwa, na kwenye stoo ile leo watu wanatoa na kuweka pesa za simu kupitia kidirisha. Hakuna benchi. Vijana wa siku hizi wanacheza kila mmoja peke yake, kichwa chini, magemu makubwa yasiyokwisha, na hawana haja ya kumsubiri mtu amalize ndipo wao waingie. Siwalaumu. Lakini wamekosa lile joto la kutazama kitu kimoja, watu arobaini, jasho na udi, mkijua kwamba kabla ya magharibi kitakuwa kimekwisha, na kila mmoja atakwenda kwao na hadithi nzima.

Nikiwaza vilivyopotea, vingi sivililii. Ninachokililia kidogo ni wale watoto watatu. Hawapo tena. Yule aliyeshika pedi ana kitambi. Yule ambaye miguu yake haikufika chini anavaa viatu vya kisigino na kunirekebisha Kiingereza changu. Yule wa kwenye karai ana mvi mbili na miwani ya kusomea. Ndugu walitaka kuwatawanya wakiwa wadogo, wampeleke kila mmoja upande wake, na sikukubali. Waliondoka baadaye, mmoja mmoja, kwa kukua. Walikulia chini ya bati moja, mimi nipo, nawaona.